Ufunguo Uko Kazini

Tangu shemeji anunue kimashua chake cha tanga, hawezi kulala bila kumweleza mtu habari za upepo. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu na dada. Dada alikuja kwa shingo upande, akakaa tezini, kule nyuma ya mashua, na mkoba wake mapajani, macho yakiwa nchi kavu.

"Wewe shika kana," shemeji akaniambia, "na usiguse kitu kingine chochote."

Nikaushika huo mpini wa usukani.

Kwa asiyejua, mlingoti wa alumini wa mashua ndogo una mfuo, kijifereji chembamba, kwa nyuma, toka chini hadi kileleni. Tanga nalo limefungwa vishikizo vya nailoni kwenye ukingo wake: mwili wa kishikizo unateleza ndani ya mfuo, shingo inatokeza nje. Ukivuta henza, kamba ya kupandishia tanga, vinapanda kwa foleni. Vya shemeji vilikuwa vyeupe zamani. Jua limevifanya vya manjano, na ukivisugua kwa kidole vinaacha unga. Vinaingizwa sehemu moja tu, juu kidogo ya bawaba ya ule mti wa chini ya tanga, ambapo mfuo umepanuliwa ukawa mlango. Sasa mlango hauchagui anayeingia na anayetoka. Ndiyo maana juu yake hukazwa skrubu fupi ya kuzungusha kwa vidole, vishikizo vikishuka viishie hapo.

Upepo ukazidi. Shemeji akatangaza kwamba tunapunguza tanga. Hapo unalishusha kiasi, kisha pete ya chuma iliyo kwenye ukingo wake unaipachika kwenye ndoano karibu na bawaba. Tatizo ni kwamba vishikizo vilirundikana juu ya skrubu, pete ikakwama juu, ndoano iko chini, zikabaki kutazamana. Shemeji akavuta. Akaning'inia. Akalitolea tanga maneno ambayo dada alijifanya hakuyasikia. (Vipo vibati vya kuziba ule mlango, unavifunga kwa skrubu sawasawa na kingo za mfuo, na vishikizo vinapita hadi chini kabisa bila kutoka. Shemeji alikuwa navyo. Vilikuwa nyumbani, ndani ya pakiti yake, havijafunguliwa.)

"Dakika moja tu," akasema. Akaifungua ile skrubu, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, akaibana kwa meno.

"Shemeji, lakini hiyo si ndiyo inayozuia..."

"Mmm!" akanijibu, akalegeza henza.

Kishikizo cha kwanza kikatoka: tak. Cha pili, tak. Halafu vikatoka mfululizo kama mbuzi waliokuta zizi wazi, vikabaki vichache vya juu tu. Upepo ukaingia kati ya tanga na mlingoti, tanga likavimba upande usio wake na kumfunika shemeji kichwa hadi magoti. Kutoka humo ndani tukasikia:

"Vishikeeeni!"

Neno hilo halitamkiki meno yakiwa yamebana. Tukasikia chubwi, kidogo tu.

"Amesemaje?" dada akauliza.

"Amesema skrubu imeingia majini."

Nikaelekeza omo, pua ya mashua, kwenye upepo. Shemeji akajifunua, nywele zimesimama, akaanza kurudisha vishikizo kimoja kimoja huku tanga likimchapa masikio. Alipofika cha mwisho akagundua kimoja cha katikati kimerukwa. Vikatoka tena. Dada akaanza kuhesabu kwa sauti, kumsaidia, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi kuliko upepo wenyewe.

Vikaingia. Sasa vizuiwe na nini? Kamba ingetosha kabisa: unaizungusha kwenye mlingoti juu ya mlango, unakaza, shingo za vishikizo zinaishia hapo. Kamba zilijaa mashuani, nyingine nimezikalia. Lakini shemeji alikwisha kutia mkono mfukoni na kuibuka na ufunguo wa nyumba. Akauchomeka mfuoni, akaugongea kwa kisigino cha kiatu cha dada.

Kusema haki, ulishika. Tulirudi gatini, tanga likatuliwa, vishikizo vyote vikakaa juu ya ufunguo, hata kimoja hakikutoroka.

"Mmeona?" akasema shemeji.

Tuliona. Dada alikuwa anavaa kiatu chake.

"Baba watoto," akasema taratibu, "nyumbani tunaingiaje?"

Shemeji akauvuta. Akauvuta tena. Akaazima koleo kwa jirani wa gatini, akauvuta kwa nguvu zake zote, akakaa kitako na nusu ya ufunguo mkononi. Nusu yenye meno ilibaki ndani ya mfuo.

Fundi wa vitasa alipofika mlangoni akaomba aone ufunguo wa zamani, ili achonge mwingine kama ule. Shemeji akaanza kumweleza habari za upepo. Dada akamkatiza:

"Fundi, wewe vunja tu. Ufunguo uko kazini."