Guta Nzima kwa Boksi Moja

Kwa kuwa jamaa yangu wa bajaji ameshatawanya kwenye magrupu yote ya Mtwara toleo lake la kisa changu cha kwenda stendi kuchukua mashine, acheni niseme mwenyewe. Vijana walikuwa wawili, si wanne. Na sikulia, lile lilikuwa jasho.

Mnajua nilivyowachosha na hizi mashine za kuchonga mbao kwa kompyuta. Nikaiona moja ya bei poa Dar, laki saba, imeandikwa 3018. Mimi nikasoma mita 3 kwa 1.8. Mlango mzima wa nakshi, ile ya Mikindani, unaingia humo! Hela ya korosho ikaenda. Nikachukua na oda ya shangazi, mlango wa maua, kianzio nikala. (Mliosoma VETA nyamazeni, najua.)

Juzi napigiwa: mzigo umefika. Nikakodi guta, vijana wawili na kamba. Stendi ya Mkanaledi saa nne asubuhi, watu wamejaa. Nikamwuliza dada wa vifurushi kwa sauti ya mwenye kiwanda: "Dada, mashine yangu iko upande gani, guta lirudi rivasi?"

Akanitazama. Akalitazama guta. Akainama chini ya meza, akaibuka na boksi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una chapati.

"Hii hapa, kaka."

Mwenye guta akashuka, akalizunguka lile boksi taratibu kama anakagua mbuzi wa Idi. "Bosi, kamba tufunge au?" Wale vijana nao wakalinyanyua wawili, wanahema, "Oya, polepole, litatuponda!" Stendi nzima hoi. Bibi mmoja mwenye tenga la mihogo akanipa pole ile ya msibani, na mkono akanishika.

Guta nililipa hela kamili. Tuendelee.

Kumbe 3018 ni milimita 300 kwa 180, daftari lililofunuliwa, na kina ni kama milimita 45. Nyumbani nikajaribu mpingo, ncha ikakatika kwenye herufi ya kwanza. Mninga ukakubali: nina kibao cha KARIBU. Mama kauliza cherehani hii uzi unapita wapi.

Shangazi anakuja kesho kuuona mlango. Nimepiga hesabu, ni vipande 35 vya kuunga. Mwenye gundi nzuri ya mbao aje inbox kabla ya saa tatu.