Mbona anayenunua figo haulizwi kwao?

Juzi msomi mzima ameniambia vijana wa Oyugis, magharibi mwa Kenya, waliouza figo mjini Eldoret wasimlaumu mtu, kwani waliuza kwa hiari. Nilikasirika, na bado nina hasira. Hiari gani ya kijana aliyetia sahihi karatasi za Kiingereza asichokielewa, akaahidiwa dola 6,000, zikamfikia 4,000? Waandishi wa Ujerumani walioifichua biashara hii Aprili 2025 walisema wagonjwa kutoka ng'ambo walilipa hadi dola 200,000.

Kanuni zipo. Azimio la Istanbul la 2008 linalaani biashara ya viungo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2010 unaikataza, na Sheria yetu ya Afya ya 2017 pia. Lakini azimio ni ahadi ya wataalamu, haliwezi kumfikisha mtu kortini, na mwongozo wa WHO haulazimishi serikali yoyote. Sheria ya Kenya nayo inaishia uwanja wa ndege, na mnunuzi keshapanda ndege.

Huyo mnunuzi hajifichi. Aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuzuia mwili usiikatae maadamu figo hiyo inafanya kazi, kwa hiyo akirudi kwao lazima amwone daktari. Daktari anaona kovu, anaona figo ambayo mwaka jana haikuwepo, anaandika dawa. Nchi nyingi hazimlazimishi kuripoti lolote! Hapo ndipo pa kubana: kila figo iliyopandikizwa nje iripotiwe, hospitali na nchi zitajwe, hata kama jina la mgonjwa litafichwa. Israel ilipozuia bima kulipia viungo vya magendo kwa sheria ya 2008, waliosafiri kununua walipungua sana. Hawakwisha, maana hata Eldoret Waisraeli walitajwa, ila pesa ikibanwa biashara inayumba.

Najua, anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hana muda wa kusubiri. Namhurumia. Lakini uhai wake hauhalalishi kumkata maskini.

Wala vyeti vya kimataifa vya ubora ambavyo hospitali zinazowapandikiza wageni figo huning'iniza ukutani si kinga: huombwa kwa hiari, na havikuambii ukiumizwa ugenini utashtaki wapi.

Na waliobaki na figo moja? Wanahitaji kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila mwaka, maisha yao yote. Serikali iwatafute kijiji kwa kijiji na iwatibu bure, kisha iwadai gharama hizo madalali na madaktari waliowapasua.