Kwangu inafunguka, kwa mteja haifunguki: tusisingizie mtandao

"Mwangaluka mwanangu, mbona duka langu halina samaki?"

Hiyo ndo simu niliyoamkia nayo Jumatatu, hata saa moja haijafika, mama mmoja mteja wangu anapiga kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na nyuma yake nasikia kabisa wabeba magunia wanagombana. Nikafungua laptopu nikiwa bado kitandani, nikaingia kwenye tovuti niliyomtengenezea, nakuta samaki wote wapo, dagaa wapo, kayabo ipo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, mabondo, vile vibofu vya sangara, yapo yamepangwa mezani utadhani dhahabu ya Geita. Nikamjibu kwa ujasiri wa kijinga kabisa, "Mama kwangu inafunguka vizuri tu, itakuwa mtandao wa huko." Akanyamaza kidogo, akakata. Baada ya dakika mbili akanitumia skrinshoti, na ile skrinshoti ilikuwa na viboksi 24 vya kijivu, kila kimoja na kile kialama cha picha iliyopasuka, na chini yake bei zimekaa peke yake kama mtu aliyeachwa kituo cha Buzuruga na mzigo.

Tena siyo yeye tu, skrinshoti yenyewe alitumiwa na mteja wake wa Goma. Yaani mtu wa Kongo anataka kayabo, anafungua duka la Mwanza, anaona viboksi.

Mi nina neno na sisi mafundi wa tovuti, nikiwemo mimi mwenyewe kwenye mstari wa mbele. Tumezoea sana kusema "ni mtandao". Bando limeisha, mnara uko chini, simu yako ya zamani, futa historia, zima washa. Na mteja anakubali kwa sababu kweli mtandao wetu una siku zake, sasa ukimwambia mtu wa Kirumba kwamba intaneti inasumbua atabisha nini? Lakini nusu ya hizo kesi ninazokutana nazo hazina uhusiano na mnara wowote, ni geti. Kitu kimewekwa ndani ya seva, ile kompyuta inayotunza mafaili ya tovuti, inayodai ulogini kwanza, halafu ukurasa ulioko nje barabarani unakitaka.

Ngoja niieleze nilivyomweleza mama mwenyewe, maana yeye alielewa haraka kuliko vijana niliokaa nao darasani. Ukurasa wa wavuti hauji mzima mzima. Kinachokuja kwanza ni karatasi, hiyo HTML, na kwenye karatasi kuna orodha: picha hii kaichukue kule, skripti hii, yaani kiprogramu cha ukurasa, kaichukue pale, rangi na mapambo yako kwingine. Brauza ndo kijana wa kutumwa. Anashika orodha anaanza kukimbia duka moja baada ya jingine, na kila anapofika anaulizwa upya yeye ni nani, kwa sababu HTTP, ile lugha ambayo brauza na seva zinaongea, haina kumbukumbu, haijali kwamba sekunde iliyopita ulikuwa hapo hapo. Ndo maana mwaka 1994 Lou Montulli, alikuwa Netscape wakati huo, kampuni ya brauza, akaja na kuki. Kuki ni kikaratasi tu seva inampa kijana mfukoni baada ya kulogini, akirudi anakionyesha mlinzi, anapita.

Sasa huyu mama ana mfumo wa stoo aliotengenezewa na fundi mwingine kabla yangu, wafanyakazi wake wanalogini, kila mzigo ukiingia wanapiga picha wanapakia humo. Mfumo uko kwenye anwani ndogo ya domeni ile ile ya duka. Mimi kwa uvivu, tuite jina lake, badala ya kuzinakili picha nikachukua linki zake moja kwa moja nikazibandika kwenye duka. Na kwangu zikafunguka! Bila shaka zilifunguka, mi nilikuwa nimelogini kwenye mfumo tangu Alhamisi, kikaratasi kiko mfukoni, kila picha mlinzi ananiona ananipungia mkono. Siku zote hizo naangalia duka ambalo mtu mwingine yeyote duniani halioni. Nilikuwa najaribu mlango wa nyumba yangu kwa funguo yangu halafu najisifu kwamba kitasa ni laini.

Kinachokera zaidi ni jinsi seva inavyokataa. Ingekuwa inakataa kiume, inakwambia 401, yaani sikujui, au 403, nakujua ila hapa huingii, mtu ungejua mapema. Lakini mifumo mingi haifanyi hivyo. Inajibu 302, ambayo ni "hebu pitia pale kwanza", na pale ni ukurasa wa kulogini, na ule ukurasa wa kulogini unafunguka vizuri na namba 200, yaani kila kitu shwari. Kwa hiyo kijana umemtuma sangara, mlinzi kampa fomu ya kujiandikisha, na yeye anarudi mbio nyumbani na fomu anakuambia mama nimeleta. Brauza inaifungua ile fomu inatafuta samaki ndani yake, hamna, inachora kialama cha picha iliyopasuka. Na ukienda kwenye rekodi za seva kutafuta kosa huoni kosa, unaona 302 na 200 zimejipanga. Nimewahi kupoteza jioni nzima hapo nikiwa mdogo kwenye hii kazi, na sijui ni nani aliyeamua kwamba huo ndo ustaarabu.

Kwenye skripti ndo kichekesho. Duka la mama lilikuwa na kikokotoo kidogo cha kupiga bei kwa gunia, nacho nilikichukua kutoka mfumo ule ule. Ukifungua konsoli ya brauza, pale inapoandika makosa, unakuta inalalamika imekutana na alama ya < mahali ambapo haikuitegemea. Hiyo < ni herufi ya kwanza ya ukurasa wa kulogini! Brauza imepewa HTML ikaanza kuisoma kama JavaScript, lugha ya skripti. Ukiona hilo kosa usianze kupekua kodi yako, yaani maandishi ya programu, mstari kwa mstari, kodi yako haina shida, kafungue ile linki ya skripti peke yake uone unaletewa nini. Faili la mapambo nalo linakufa kimya kimya, brauza ikiona imeandikwa HTML badala ya CSS inalitupa, ukurasa unabaki uchi.

Halafu kuna watu watasema mbona mimi nimelogini na bado sioni. Ndiyo, na hii ilinitokea mchana wa siku ile ile. Nikalihamishia duka kwenye domeni yangu ya majaribio ili nichezee bila kumsumbua mama, ghafla picha zikakatika hata kwangu. Sijatoka kwenye mfumo, nimelogini vizuri tu. Kumbe hapo unagongana na sheria ya SameSite. Tangu Chrome 80, Februari 2020, kuki ambayo mwenyewe hajaandikiwa chochote inachukuliwa kuwa Lax, maana yake haitumwi kwenye picha au skripti inayoitwa kutoka tovuti ya mtu mwingine. Waliianza, ikaja korona wakaisimamisha Aprili, wakaendelea nayo Julai. Ukitaka itumwe lazima aliyetengeneza mfumo aiandike None na iwe inapita kwenye https tu, na hata ukifanya hivyo Safari tangu Machi mwaka huo huo inazuia kuki za pembeni zote kwa hiyo watu wa iPhone bado utawakosa. Anwani mbili zilizo chini ya domeni moja, tuseme ya picha na ya duka chini ya jina moja la .co.tz, hizo zinahesabiwa ni tovuti moja zinapita. Lakini maduka mawili tofauti hayawi ndugu eti kwa sababu wote wanaishia .co.tz, brauza zina orodha yake zinalijua hilo.

Na mi naiunga mkono hiyo sheria, japo ilinipotezea siku. Bila hiyo ukurasa wowote wa hovyo ungeweza kumtuma kijana wako benki na kikaratasi chako mfukoni bila wewe kujua.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa ndo naanza kugombana na watu. Fundi mmoja wa hapa mjini, rafiki yangu kabisa, tulikuwa tunakula sato pale karibu na Kamanga nikamsimulia, akaniambia kirahisi, "Si uweke jina na paswedi ndani ya linki yenyewe?" Nikaacha kutafuna. Kwanza Chrome imezuia hiyo tangu toleo la 59 mwaka 2017, picha ikiitwa hivyo haiendi popote. Pili, hata ingekuwa inakubali, mtu akibofya kuona kodi ya ukurasa anaisoma paswedi yako hapo hapo. Mwingine akanishauri seva ya duka ndo iwe inalogini yenyewe kwenye mfumo inaleta picha inampa mteja. Inafanya kazi, ndiyo, ila ujue ulichofanya, umetoboa ukuta. Mlinzi bado yuko getini na watu wanapita nyuma, kwa hiyo kama utatoboa uwe umepima tundu litoshe picha tu.

Wengine wanaenda upande wa pili kabisa: weka kila kitu kwenye folda la wazi, nani atajua linki? Hao ndo wananitisha zaidi. Maana nilivyofungua ule mfumo wa mama kwa jicho la mgeni nilikuta jambo ambalo sikulitafuta. Picha za dagaa zimefungwa kwa geti, lakini folda la nakala za vitambulisho vya wafanyakazi liko wazi kabisa, ukiwa na linki unafungua bila kuulizwa hata salamu. Yaani samaki wanaotakiwa kuonwa na dunia nzima wamefungiwa, na kitambulisho cha NIDA cha kijana wa kubeba magunia kiko barabarani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mafundi wengi nikiwatajia wanacheka kama nimewatajia sheria ya kuzuia kuvua mwezi. Yule mama hakujua, yeye alilipa pesa akaambiwa mfumo una paswedi akaridhika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na siufichi: usianze na kodi, anza kuuliza kila faili ni la nani. La kila mtu? Litoke nje ya geti, likae sehemu ya wazi, lisiulizwe kitu. La watu maalumu? Basi na ukurasa unaolionyesha ukae ndani ya geti hilo hilo, domeni hiyo hiyo. Na lile la katikati, mfano ankara unayotaka mteja mmoja aione leo tu, hilo lipe linki yenye saini na muda wa kufa, Amazon S3, stoo ya mafaili ya Amazon, kwa mfano ukitumia saini zao za kawaida linki haiwezi kuishi zaidi ya siku 7. Na faili la ndani liandikwe private kwenye Cache-Control, yale maelekezo ya nani atunze nakala, la sivyo seva ya katikati inaweza kulitunza ikampa mtu mwingine anayefuata. Vinavyotusumbua ni hivi vya nusu nusu, ukurasa uko nje, roho iko ndani.

Na kabla hujamtumia mteja linki kwamba kazi imeisha, fungua dirisha la faragha. Ni kubofya mara mbili tu. Hilo dirisha halina kuki zako, halikujui, na hilo ndo jicho la mteja wa Goma. Au azima simu ya mtu. Mi siku hizi natumia ya muuza chipsi wa hapa chini, ameshazoea, ananiuliza tu "leo tunafungua nini?"

Kazi yenyewe ilinichukua mchana mmoja. Nikatoa zile picha 24 kwenye mfumo, nikazipunguza uzito maana nyingine zilikuwa zimepigwa na simu kali zina MB nne nne na wanaofungua wanalipia bando, nikaziweka folda la wazi la duka, kikokotoo nacho nikakihamisha. Lile folda la vitambulisho nilimpigia fundi wa mfumo akalifunga jioni ile ile, hakufurahi sana.

Mama akafungua kwa simu yake akiwa hapo hapo mwaloni, zikaja zote. Akampigia mtu wake wa Goma, nako zikaja. Nikajua yameisha, nikaenda zangu kuoga. Kutoka nakuta ujumbe wa sauti: picha nzuri mwanangu, ila hii ya tatu siyo dagaa wangu, huyu ana mchanga, mimi nauza wa kichanjani, nani kaweka huyu?