Reli ya Tanga ikifika Musoma, meli ziwe za nani?

Mpango wa reli ya Tanga–Arusha–Musoma ukitajwa, mazungumzo hapa Tanga hukimbilia bandarini: kina cha gati, kreni, foleni ya malori. Upande wa pili wa reli, kule ziwani, hauzungumzwi sana. Ukiguswa, jibu huwa tayari: shirika la reli lishike reli, meli waachiwe wenye meli. Hoja hiyo ina uzito na nitaifikia. Ila mji huu usiipokee kichwa kichwa, kwa sababu shehena yake ya kwanza ilichukuliwa na stima ambazo hazikuwahi kuonekana katika bahari yetu.

Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza ya Mombasa 1896. Tulitangulia kwa miaka 3, na azma iliyotajwa tangu mwanzo ilikuwa kufika Ziwa Victoria. Kilichofuata wenyeji wa njia hii wanakijua: Muheza, kilomita 40 tu, ilifikiwa 1896, kampuni ikaishiwa fedha na serikali ya kikoloni ikaichukua reli 1899, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mwenzetu wa Mombasa alikuwa ameshafika Kisumu Desemba 1901.

Wengi huishia hapo na kusema Mwingereza alikuwa na pesa. Alikuwa nazo, kweli. Lakini Kisumu ya 1901 ilikuwa na mzigo gani wa kulipia kilomita 900 na zaidi za reli? Mzigo ulikuwa ng'ambo ya maji: Buganda, Bukoba, Mwanza. Uganda Railway, wenye reli hiyo ya Mombasa, walilijua hilo mapema. Stima William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa ufukoni na kushushwa majini mwaka 1900, wakati reli yenyewe bado inahangaika milimani. Meli ilielea kabla treni haijafika! Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill, na zote ziliendeshwa na reli.

Sasa angalia zilivyofanya kazi, maana hili ndilo silichoki kulirudia. Mwanza na Bukoba zilikuwa chini ya Mjerumani. Bendera yake, forodha yake, askari wake. Hata hivyo ngozi, karanga na pamba za Mwanza zilipakiwa kwenye stima za reli ya Mwingereza, zikavushwa hadi Kisumu, zikaingia kwenye behewa na kuteremka Mombasa. Mfanyabiashara wa Mwanza hakumsaliti mtu. Alipiga hesabu: huku wapagazi na safari ya miezi hadi pwani, kule stima inayokutana na treni ya mwenye mali yule yule. Misafara iliyokuwa ikimwaga pembe Bagamoyo ikapungua, na Bagamoyo haikupewa reli ya kuifidia. Reli ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Koloni zima likawa na ziwa linalolisha bandari ya jirani. Mwanza yenyewe ilikuja kuunganishwa na reli mwaka 1928, Mjerumani ameshaondoka.

Kwa hiyo nikisikia kwamba meli ni kazi nyingine kabisa, isiyoihusu reli, huwa najiuliza msemaji anadhani Tanga ilishindwa na nini. Reli yetu ilizidiwa mwendo, sawa. Lakini shehena ya ziwa ilikamatwa na aliyekuwa na reli na stima mkononi kwa pamoja. Hata Wajerumani walilielewa, ingawa kwa kuchelewa. Reli ya kati ilipofika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, 1914, meli yao Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ililetwa kwa masanduku yapatayo 5,000 na kushushwa majini Februari 1915. Wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata isichukuliwe na adui. Iliibuliwa 1924, na tangu 1927 ikahudumu kwa jina la Liemba, chini ya reli ya Tanganyika.

Upande wa pili nao una ya kusema. Reli ikimiliki meli, meli huwa mtoto wa kambo. Bajeti ikibana, fedha huenda kwenye vichwa vya treni na mataruma, na meli inaambiwa ivumilie msimu mmoja tena. Faida na hasara yake hufichwa ndani ya hesabu za shirika zima, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna pia ukiritimba: mwenye reli na meli anaweza kumpangia mkulima bei atakayo. Na juu ya yote kuna 21 Mei 1996, siku MV Bukoba, meli iliyokuwa chini ya Shirika la Reli Tanzania, ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 wakafa. Baada ya hapo kuitenga huduma ya meli na kuipa kampuni yake, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulionekana kama jambo la busara tu, na sidhani aliyeamua hivyo anastahili lawama.

Lakini kutenga hakukutibu ugonjwa. MV Victoria ilisimama 2014 na kurudi majini 2020, kwa fedha za serikali. Usalama wa abiria unahitaji mkaguzi mkali asiyemwogopa mwenye meli, na mkaguzi huyo anahitajika iwe meli ni ya reli, ya kampuni au ya mtu binafsi. Hilo ni swali moja. Nani abebe mzigo wa Uganda ni swali jingine, na sisi tumeyachanganya.

Kwa abiria, mimi sina ugomvi: boti za binafsi ziruhusiwe, zishindane. Mzigo ndio wenye tabia tofauti. Tazama MV Umoja, meli ya miaka ya 1960 yenye reli juu ya sitaha. Pale Mwanza Kusini kuna daraja linalopanda na kushuka kufuata kina cha ziwa; behewa husukumwa kutoka ardhini hadi ndani ya meli, upande huu na upande ule kwa mizani ili meli isilale, kisha hufungwa. Gunia haliguswi na mtu. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono kuna anayehesabu upya, anayetoza, na siku ukipotea, anayesema haukufika kwake. Hati moja ya mizigo kutoka Tanga hadi Port Bell, bandari ya Uganda ziwani, inaondoa mlolongo huo, na ni vigumu kuipata pale meli na treni zina mabosi wawili wasiosalimiana.

Wakenya hawakuiacha njia hiyo. MV Uhuru, pacha wa Umoja, ilibaki Kenya Railways, na ilipofufuliwa 2019 ilirudi kuvusha mabehewa ya mafuta kutoka Kisumu hadi Port Bell. Mpangilio ni ule ule wa stima za zamani, na mpinzani wetu ni yule yule.

Hesabu za meli ziwe na daftari lake, hilo nawakubalia wapinzani bila masharti. Kinachonitia hofu ni geji, yaani nafasi kati ya pau mbili za reli. Reli za Umoja ni za mita moja, na behewa la SGR, reli mpya ya geji ya milimita 1,435, haliwezi kupanda juu yake. Reli ya Musoma ikijengwa kwa SGR, ama meli mpya iundwe kwa geji hiyo, ama kontena zishushwe na kupakiwa upya pale ufukoni. Uamuzi huo unatakiwa ufanywe mezani kabla mkandarasi hajachimba, na atakayeufanya ni yule atakayekuwa anamiliki vyote viwili. Hadi sasa kiti hicho hakina mtu.