Nora hana mkwe

Mwezi uliopita tuliigiza tamthilia ya Henrik Ibsen kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mbeya, ile ya mwaka 1879 ambayo sisi tumeiita Nyumba ya Mwanasesere. Kabla hata mazoezi hayajakolea, nilishaambiwa na watu kadhaa kwamba nabeba mambo ya Wazungu nayamwaga kwenye ndoa za watu. Mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akaniomba, kwa upole kabisa, nibadilishe mwisho. "Mwalimu, huyo mama asiondoke. Watoto watamlilia nani?"

Sikubadilisha. Ila baada ya usiku ule nimefika mahali ambapo sikutegemea kufika. Waliokuwa wakinionya waliona tamthilia hii ni kali mno kwetu. Mimi sasa naona ni nyepesi mno.

Kwa asiyeijua: Nora ni mke wa Torvald Helmer, mwanasheria ambaye ndiyo kwanza kapata umeneja wa benki. Miaka ya nyuma Torvald aliugua, madaktari wakamnong'oneza mkewe kwamba asipopelekwa kusini kwenye joto, hatapona. Mume hataki kusikia habari ya kukopa. Nora akakopa kimyakimya kroner 4,800, akampeleka Italia mwaka mzima, akamwambia hela katoa baba yake. Enzi zile kule Norwei mke hakuweza kukopa bila ridhaa ya mumewe, na mkopeshaji, Krogstad, alitaka baba yake Nora awe mdhamini. Baba yu mahututi. Nora akaweka saini ya baba kwa mkono wake mwenyewe. Alichomkamatia Krogstad ni tarehe: saini ni ya tarehe 2 Oktoba, na mzee alifariki tarehe 29 Septemba.

Tulipofika kwenye zile tarehe mbili, ukumbi ulicheka kidogo, kisha kutoka viti vya nyuma walikokaa akina mama nikasikia "Yesu wangu!" Hawakuhitaji kufafanuliwa. Mwanamke wa Mwanjelwa au Uyole anayajua marejesho ya kila wiki, anaijua mikopo tunayoiita kausha damu, na anajua ni pindo lipi la kitenge linalofungiwa hela ambayo baba watoto haijui. Nora analipa deni kwa kubana hela ya matumizi na kwa kunakili makaratasi ya watu usiku kucha, amejifungia chumbani. Anamwambia rafiki yake kwamba alichoka sana, lakini alifurahi, alijiona kama vile yeye ni mwanaume. Hapo alipiga makofi mtu mmoja tu, kisha akanyamaza ghafla kama aliyejisahau.

Torvald anapogundua, kwa barua ya Krogstad, hata hamuulizi mkewe aliwezaje. Anawaza jina lake. Anamwita mnafiki na mwongo, anasema hafai kulea watoto. Barua ya pili inaletwa, Krogstad karudisha hati, na hapohapo bwana anabadilika: tumepona, nimekusamehe, njoo ndege wangu mdogo.

Nilimfahamu Torvald kabla sijamsoma. Mama yangu aliuza ndizi za Tukuyu pale Uyole, na ada yangu ya kidato cha tano aliikopa kwenye kikundi. Baba alikuja kujua nilipokuwa nimeshamaliza chuo. Hakukasirikia deni, lilishalipwa zamani. Alikasirika kwamba majirani walijua kabla yake. Kwa miezi miwili hakula chakula alichopika mama, alikuwa akila kwa mdogo wake. Na wala hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyenisindikiza stendi kila nilipofungua shule.

Wanasheria watasema hayo ni ya zamani. Norwei ilibadilisha sheria mwaka 1888, mke akawa na haki ya mtu mzima. Sisi tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Kwa karatasi, Nora wa Mbeya hana haja ya kughushi jina la mtu. Mama yangu alikopa mwaka ambao sheria hiyo ilikuwa na umri kunishinda mimi, na bado alificha.

Sasa nirudi kwenye usiku wenyewe.

Aliyeigiza Nora ni dada anayeuza mitumba Kabwe, ameolewa Rungwe. Mumewe aliridhia, tena alimsaidia kukariri. Hakuna aliyejua kwamba baba mkwe angeshuka mjini siku hiyo kwa shughuli zake na mwanawe amkaribishe kwenye onyesho. Kabla ya sehemu ya tatu dada akachungulia pembeni ya pazia, akamwona mzee kakaa safu ya pili, kofia ameipakata.

Wasio wa Rungwe waelewe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akisikia mzee anakuja, mkamwana huacha njia na kujisitiri. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa huko miaka ya 1930, aliihusisha heshima hii na ule utaratibu wa vijana wa rika moja kuhama kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, ili wake za vijana na baba za vijana wasikae pamoja. Siku hizi mambo yamelegea, watu wanabanana kwenye daladala moja. Lakini waliokulia huko wanajua kwamba kulegea siyo kuisha.

"Mwalimu, siwezi," aliniambia. "Nitamfokeaje mwanaume mbele ya mkwe?"

Nikamwambia tuahirishe. Akanyamaza, akachukua kitenge, akajifunika kichwa na mabega, akasema: "Nigeuzie kiti."

Basi sehemu yote ya mwisho aliigiza akiwa ameupa ukumbi mgongo. Ni pale Nora anapomwambia mumewe aketi, kwamba katika miaka minane ya ndoa hawajawahi hata siku moja kukaa wakazungumza jambo la maana. Tuliona kitenge tu, na sauti iliyotulia inatoka ndani yake. Mbele yetu ukabaki uso wa Torvald, hana pa kuuficha. Tamthilia hii nimeifundisha miaka, na siku zote nilikuwa namwangalia Nora. Kijana wetu alitokwa jasho la kweli, na Mbeya yenyewe hii, ya baridi.

(Mlango wetu, niseme tu, ulikuwa pazia. Ibsen anataka usikike ukifungwa kwa kishindo, nasi tulimweka kijana nje abamize geti la stoo. Akachelewa. Nora kaondoka, kimya, kimya tena, watu wameanza kusimama, ndipo geti likalia. Wakacheka, nami nikacheka.)

Nje nilimkuta yule baba mkwe akifunga vifungo vya koti. Nikamwamkia, akaitikia. Nilijiandaa kusikia habari ya mila na wanawake wa leo. Aliuliza jambo jingine kabisa: "Mwalimu, huyu bwana hana wazazi? Hana hata kaka? Siku zote hizo walikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Baba yake Nora kafa, mama hakumjua, amelelewa na yaya. Wazazi wa Torvald hawatokei popote. Ibsen amewafungia watu wawili sebuleni, akamaliza ugomvi wao kwa mlango mmoja. Hapo ndipo ninaposema ni nyepesi. Kwetu mwanamke haachi mwanaume mmoja. Ng'ombe walishatoka, na wa dada mara nyingi ndio walioolea kaka. Nora wa Rungwe akirudi kwao usiku na begi lake, anamkuta kaka na mke aliyepatikana kwa ng'ombe wale wale. Nani amfungulie kwa furaha? Asubuhi shangazi ameitwa, mshenga ameitwa, kikao kimekaa. "Vumilia mwanangu, hata mimi nilivumilia." Hadi Jumatatu amesharudishwa.

Sitaki kukisema kikao vibaya tu. Nimewahi kukiona kikimtoa jasho mwanaume aliyezoea kupiga, mbele ya wajomba zake, hadi akaomba radhi. Torvald anathubutu kumwita mkewe ndege na kindi na kumkataza vitamu (sisi tuliweka kashata) kwa sababu hakuna shangazi anayemsikia. Ninacholalamikia ni swali. Vikao vyetu huuliza atarudi lini. Sijawahi kukaa kwenye kimoja kilichouliza kwa nini alilazimika kukopa kwa siri, au mume alikuwa mtu wa namna gani hata mkewe aone bora deni kuliko kumwambia.

Na yule mzee wa kanisa? Ombi lake halina Uafrika wowote. Mwaka 1880 huko Ujerumani mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma kuigiza Nora anayeacha watoto, na Ibsen, akihofia mtu mwingine angeiharibu kazi yake zaidi, akaandika mwisho wa pili kwa mkono wake: Torvald anamvuta Nora hadi mlangoni kwa watoto waliolala, naye anaishiwa nguvu anaanguka. Baadaye mwenyewe aliuita unyama. Kwa hiyo anayesema mwisho ule wa kwanza ni wa Wazungu, ajue Wazungu ndio walioukataa kabla yake.

Tumealikwa kuirudia Tukuyu. Nimependekeza tuongeze kikao kabla ya Nora hajatoka, na tumebishana wiki nzima. Torvald wetu anasema tukiweka kikao tamthilia haitaisha, maana vya kwetu haviishi. Nora amekubali kwa masharti mawili: kiti chake kibaki kilivyogeuzwa, na kwenye kikao yeye mwenyewe ataje deni, shilingi kwa shilingi. Nafasi ya shangazi wameigombea mama watatu wa kwaya. Ya baba mkwe mpaka leo haina mtu.