Kabla hujanunua kifaa cha kutawanya maji ya kahawa

Vifaa vya kutawanya maji juu ya kahawa ya kuchuja kwa mkono vinauzwa kwa ahadi moja: kikombe cha leo kitafanana na cha jana. Ahadi hiyo ni kweli nusu. Vyote, viwe vya plastiki au vya chuma, vinafanya jambo moja tu: vinapunguza nguvu ya maji yanayoangukia unga. Ikiwa nguvu hiyo ndiyo inayokuharibia kahawa, utaona nafuu siku hiyohiyo. Ikiwa shida yako iko kwenye kusaga, umenunua kisahani chenye matundu.

Viko vya aina mbili kubwa. Melodrip ni kisahani chenye vitundu kilichofungwa kwenye mpini. Unakishika juu ya dripa (kikombe kinachoshika karatasi ya kuchujia) kwa mkono mmoja na kumimina maji kwa mwingine, nayo yanashuka kama mvua ya rasharasha. Drip Assist ya Hario inakaa yenyewe juu ya V60, dripa ya koni ya kampuni hiyohiyo, ina kuta, na imegawanywa vyumba viwili: cha katikati kinadondosha taratibu, cha nje kinapitisha maji haraka zaidi. Tofauti ya mpini na kuta inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua ni kipi kinakufaa, na tutaifikia.

Maji yakimiminwa kutoka juu sana yanapiga unga kwa nguvu ya kutosha kuchimba shimo. Hapo yanatokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni jema: chembe zinazunguka, maji mapya yanazifikia, na ladha inatoka upesi. La pili ndilo linaloudhi. Vumbi la kahawa, zile chembe ndogo kabisa ambazo kila kinu kinazitoa kwa kiasi chake, linasombwa kuelekea kwenye karatasi na kuziba njia za maji. Maji yanasimama. Kikombe kilichopaswa kuisha kwa dakika tatu kinafika tano, na kahawa inakuwa na ukali unaokausha ulimi. Kahawa za Ethiopia zinasifika kwa tabia hii, na ukizisaga kwa kinu cha mkono cha bei ndogo chenye meno ya kauri hali inakuwa mbaya zaidi. Hapa kifaa kinastahili bei yake.

Lakini ukiondoa vurugu umeondoa na faida yake. Chukua SL28, aina ya mbuni wa Kenya, ya Nyeri iliyokaangwa kidogo: punje ngumu, uchachu wa wazi, kahawa inayotaka maji yaifanyie kazi ili utamu utoke. Weka kifaa, acha usagaji ulivyokuwa, na maji yatashuka kwa dakika mbili na kitu. Kikombe kitakuwa chepesi na kichachu, na mwenye nacho atailaumu kahawa. Dawa ni kusaga laini zaidi, hatua mbili au tatu kwenye kinu chako, na kuendelea hivyo mpaka muda urudi kwenye dakika tatu hadi tatu na nusu. Anayeuza kifaa bila kukwambia hili amekuuzia nusu ya kazi.

Kwa V60 yenye Drip Assist juu yake, anza na gramu 15 za unga na gramu 250 za maji. Lowesha karatasi kwa maji ya moto, mwaga maji hayo, weka unga, gonga dripa kidogo usawazike. Mimina gramu 45 kupitia chumba cha katikati. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu matone hayachanganyi kitu: yanalowesha juu na kuacha madonge makavu ndani, na maji yanayofuata yanayazunguka bila kuyaingia. Ondoa kifaa, koroga haraka kwa mpini wa kijiko mpaka usione unga mkavu, kisha kirudishe. Sekunde ya 45, mimina hadi mizani isome 150, safari hii kupitia chumba cha nje. Dakika moja na nusu, endelea taratibu hadi 250. Maji yakiisha kumiminwa, ondoa kifaa na uzungushe dripa mara moja, polepole, ili unga ulioganda kwenye kuta ushuke. Usiizungushe zaidi ya hapo; utalirudisha vumbi kwenye karatasi baada ya kugharamia kulizuia.

Mwishoni tazama unga uliobaki. Ukiwa umelala sawa, vizuri. Ukiwa umeinuka upande mmoja, ama meza imeinama ama kifaa hakikukaa sawa; maji yamepita upande mmoja zaidi na kikombe kitakuwa na uchungu na uchachu kwa pamoja, ladha inayowachanganya watu kwa sababu hawajui wasage laini au nene. Jibu ni kunyoosha meza au kukiweka kifaa sawa.

Mizani nayo inadanganya. Kifaa cha kukaa juu ya dripa kinabaki na maji kidogo kwenye vitundu, na gramu hizo zinasomeka ingawa hazijafika kwenye unga. Si kitu. Kisahani cha mpini ni hatari zaidi: kikigusa ukingo wa dripa, uzito wa mkono wako unaingia kwenye hesabu, namba inaruka, nawe unaacha kumimina mapema. Kishike sentimita moja au mbili juu ya unga bila kuegemea popote.

Sasa birika, ambalo kwa maoni yangu ndilo sababu halali kuliko zote. Birika la shingo nyembamba la umeme ni ghali kwa Dar es Salaam au Nairobi, na jagi la kawaida la umeme linamwaga maji kwa fujo hata ukiwa na mkono mtulivu. Kifaa chenye kuta kinapokea fujo hiyo na kuishusha kwa mwendo wake chenyewe, kwa sehemu ndogo ya bei ya birika. Kwa jagi la kawaida usinunue kisahani cha mpini: maji yakizidi uwezo wa vitundu yanafurika pembeni na kuanguka kama mkondo upande mmoja, yaani kile hasa ulichotaka kukikwepa. Kisahani ni cha mtu ambaye tayari ana birika zuri na anataka kutuliza zaidi.

Joto linapotea njiani. Maji yanagusa kifaa kilicho baridi zaidi yake, kisha yanakatika kuwa matone, na tone linapoa haraka kuliko mkondo mnene. Ule ushauri wa kusubiri birika lipoe kidogo uachane nao. Mimina yakiwa yametoka kuchemka. Nairobi, kwenye kimo cha takriban mita 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo huna digrii za kuchezea. Mbeya ni karibu hivyohivyo. Dar yanachemka kwenye 100 na una nafasi kidogo. (Kahawa ya barazani, ya birika la shaba, haihusiki na haya yote, humo unga unachemka na maji.)

Kabla ya kutoa pesa, jaribu bure. Mimina maji juu ya mgongo wa kijiko kilichoshikwa karibu na unga, au kupitia chujio la chai lenye wavu mwembamba. Havitawanyi maji vizuri, ila vinavunja nguvu, na kama kahawa yako inaacha kuziba umepata jibu. Karatasi ya duara ya AeroPress (chombo cha kutengenezea kahawa kwa kusukuma) ikilazwa juu ya unga uliokwisha loweshwa inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, ingawa mara nyingine inaelea. Kama kikombe hakibadiliki, pesa zako zihamishie kwenye kinu.

Jaribio hilo halihusu vyombo vya kuchujia kama Tricolate na Pulsar. Hivyo ni mitungi iliyonyooka ambayo maji hayana pa kupita pembeni, yote yanapenya unga, na shimo moja tu linaharibu kikombe kizima. Humo kitawanyio kinakuja na chombo, na hakuna mjadala wa kukiacha.

Kuhusu usafi: maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukoko mweupe kwenye vitundu, na kimoja kikiziba vingine vinabeba maji yake. Loweka kifaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki au limau kwa nusu saa, kisha suuza. Usitumie sindano kwenye plastiki, maana tundu likipanuka halirudi, na upande huo utapokea maji mengi kuliko mwingine kila utakapochuja.