Kufuli Halitaki Mkono Mzito

Anayeanza kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo, kwa ajili ya kujiburudisha tu, huuliza kwanza anunue vifaa gani. Kwa maoni yangu viwili vinamtosha: kichuma chembamba kilichokunjwa, cha kukazia, na kijiti cha chuma ambacho ncha yake imepinda kidogo kuelekea juu. Kinachomkwamisha mwanafunzi ni mkono mzito. Mimi mwenyewe nilihangaika siku nyingi na kufuli langu la kwanza, nikikaza hadi kidole kikabaki na alama ya chuma, kumbe huko kukaza ndiko kulikokuwa kukilifunga.

Katika kufuli la pini, aina ambayo Mmarekani Linus Yale Mdogo aliiboresha na kuipatia hataza katika miaka ya 1860, kuna kiini kinachozunguka ndani ya silinda, na matundu yaliyotobolewa kupitia vyote viwili. Kila tundu lina pini mbili zilizopandana, na springi inayozisukuma chini. Ufunguo wake huinua kila jozi hadi maungio ya pini yalingane sawasawa na ukingo wa kiini, nacho kikawa huru kuzunguka. Lau matundu hayo yangenyooka kabisa katika mstari mmoja, tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini daima hupotoka kidogo, na kwa sababu hiyo kiini kinapokazwa kwa kile kichuma, kama unayetaka kukizungusha, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Nyingine ukizigusa zinadunda juu ya springi zao, ila yenyewe inakataa. Ukiiinua polepole unasikia mlio hafifu, kiini kinajongea kiasi kidogo mno, na zamu inahamia kwa pini nyingine.

Ukikaza kupita kiasi, pini kadhaa hubanwa kwa pamoja na mkono hauwezi tena kuzitofautisha. Ukilegeza mno, zile ulizokwisha kuziweka zinaanguka. Kipimo ninachokitumia ni nguvu ya kufunua ukurasa wa kitabu, wala si zaidi.

Wengi huanza kwa kukwangua, yaani kupitisha kijiti chenye mawimbi mbele na nyuma hadi kufuli dhaifu liachie. Siwalaumu, kwa kuwa furaha ya kufungua mara ya kwanza ni kubwa, lakini aliyefungua hivyo hajui ni pini ipi iliyotangulia, na akikutana na kufuli gumu kidogo hana analolijua. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli maarufu la kampuni ya Chubb ya Uingereza kwa dakika 25 hivi. Baadaye akalikabili lile la Joseph Bramah, mtengeneza kufuli Mwingereza, ambalo tangu 1790 lilikuwa limewekewa zawadi ya gini 200 (fedha ya zamani ya Uingereza) kwa atakayelifungua, akalifanyia kazi kwa takribani saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Mimi huvutiwa zaidi na hizo saa 51.

Wapo wanaosema kwamba kufundisha elimu hii ni kuwafundisha wezi. Mwizi ana haraka, na mwenye haraka huvunja. Hana subira ya kukaa jioni nzima akisikiliza pini. Hata hivyo, masharti mawili hayana mjadala: usiguse kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usijifunzie kwenye kitasa kinachotumika, kwani pini ikikwama utabaki nje ya mlango wako. Sheria za kubeba vifaa hivi nazo hutofautiana kati ya nchi na nchi, basi zifahamu kwanza.

Aliyekwisha kuzoea kufuli la kawaida atafute lenye pini zilizochongwa kiuno, yaani nyembamba katikati. Hapo kiini huzunguka ghafla kidogo, ukadhani umemaliza, kisha kinasimama. Ukiigusa pini yenye kiuno na kuisukuma juu, utahisi kiini kinataka kurudi nyuma, kikikisukuma kile kichuma dhidi ya kidole chako. Kipe nafasi, legeza kwa kiasi cha pumzi moja, huku ncha ya kijiti ikiendelea kuinua hadi kile kiuno kivuke ukingo.